Mtoto Atabaki na Nani?

Kiti cha mtoto kililiwa na mbuzi asubuhi ya uchaguzi. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Oktoba 2021, siku ambayo midugudu, yaani vijiji vya Rwanda, ilikuwa inachagua viongozi wake kwa kupanga mistari nyuma ya wagombea, na wifi yangu alitarajiwa kutajwa jina. Mama yetu alikuwa chumbani, kaka ameteremka bombani kuchota maji, mimi nanyoosha gauni la wifi kwa pasi ya mkaa, na wifi mwenyewe anamlisha mtoto uji sebuleni. Uwani hakukuwa na mtu. Tulipotoka tuliwakuta mbuzi wawili wa jirani wamemaliza kimeza cha mbele na mkono mzima wa kulia, na mmoja tayari anautafuna mgongo wa kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha karatasi, na sababu ya kuwa cha karatasi ni jina la mahali tunapoishi. Tunakaa Butare. Siyo ile Butare ya chuo kikuu, ambayo tangu mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 inaitwa Huye ingawa watu wengi bado wanaiita kwa jina la zamani. Butare yetu ni umurenge, yaani sekta, katika wilaya ya Rusizi, Cyangugu ya zamani, milimani juu ya bonde la Bugarama, pembe ya nchi ambako Burundi na Kongo ziko jirani. Ndugu yetu wa Kigali alimpatia mtoto kiti cha magurudumu, akakifunga vizuri, akaandika jina la kaka, namba ya simu na neno Butare, akakipakia kwenye basi. Basi linalokuja Rusizi hupita Huye kabla ya kuingia msitu wa Nyungwe. Kiti kikashushwa Huye. Tukapiga simu, tukaambiwa kitapandishwa kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, na mtoto akaendelea kukaa mapajani mwa watu.

Wakati huo alikuwa na miaka tisa. Alizaliwa kwa taabu, akachelewa kulia, na madaktari walituambia baadaye kwamba ubongo ulikosa hewa: ana mtindio wa ubongo. Wapo wanaoupata kwa manjano kali ya siku za kwanza, wapo wanaoachiwa na homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Wake ulitokana na uzazi. Miguu yake hukakamaa na kupishana kama mkasi, shingo inachoka upesi, maneno hayatoki. Lakini anaelewa Kiswahili cha nyumbani na Kinyarwanda cha majirani, na ana jibu kwa kila anayemuuliza: akikubali huinua macho juu, akikataa huyafumba. Ukimuuliza swali la kijinga hukutazama tu mpaka uone haya.

Kumlisha ni kazi ya saa nzima. Lazima akae wima, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani, kijiko kiingie kwa mbele na chini, wala si kutoka juu, kisha usubiri ameze ndipo uchote kingine. Ukimlaza na kumtilia uji mdomoni, unaingia kwenye njia ya hewa, na watoto wengi wa namna yake hufa kwa kichomi kilichoanzia kwenye kikombe cha uji. Mtaalamu wa viungo alilieleza jambo hili mbele ya nyumba nzima, wanaume wakiwemo, na kwa hilo namshukuru hadi leo, maana kwetu mafunzo ya kulea hupewa mama peke yake, halafu akiugua siku moja mtoto anashinda na njaa.

Mtaalamu huyohuyo ndiye aliyemwambia kaka kwamba, wakati tunasubiri, kiti kinaweza kutengenezwa kwa karatasi. Mbinu hiyo ilianzia Zimbabwe na imesambaa Afrika mashariki na kusini. Kaka ni fundi ujenzi, na huku kwetu, karibu na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, mifuko ya saruji haikosekani. Aliikung'uta vumbi lote, akaitenga matabaka, akapika gundi ya unga wa muhogo, akayabandika tabaka juu ya tabaka pamoja na maboksi ya dukani, akayakandamiza kwa matofali. Kikikauka sawasawa kinakuwa kigumu kama ubao na mtu mzima anaweza kukikalia. Alikikata kwa vipimo vya mtoto: upana wa nyonga, urefu wa paja, kigingi katikati ya magoti ili miguu isipishane, kimeza mbele cha kuwekea mikono. Tatizo ni mvua. Oktoba ni msimu wa vuli kwetu. Kiti kilikaushiwa jikoni usiku na uwani mchana, bado hakijapakwa rangi ya mafuta, na kwa mbuzi kilikuwa kinanukia muhogo.

Kwa muda wa wiki mbili kabla ya hapo, fununu ilikuwa imeenea kwamba wifi atatajwa kwa nafasi ya ustawi wa jamii katika kamati ya mudugudu. Haikuwa ajabu. Alikuwa mmoja wa Inshuti z'Umuryango, wale marafiki wa familia wa kujitolea, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja katika kila mudugudu, ambao tangu mwaka 2016 wamewekwa kufuatilia watoto wanaoteswa na kutelekezwa. Nyumba kwa nyumba anazijua. Lakini pamoja na fununu likaja swali, na swali lilikuwa moja kila mahali, bombani na hata dukani: huyu mama ana mtoto yule, akipewa kazi ya watu mtoto atabaki na nani?

Wengine walilipeleka mbali zaidi. Mzee mmoja tunayemheshimu alimwambia mama yetu kwa upole kabisa, "Dada yangu, mkwe wako akitaka uongozi, mtoto apelekwe kwenye kituo. Watu wa Gatagara wapo." Gatagara tunaijua na tunaiheshimu. Padri Joseph Fraipont, Mbelgiji aliyechukua uraia wa Rwanda na jina la Ndagijimana, aliianzisha mwaka 1960 huko Nyanza, wakati ambapo mtoto mlemavu hakuwa na pa kwenda, na watu wengi wametoka pale wakitembea na wakisoma. Ni mahali pa tiba na shule. Si mahali pa kumwondolea mama mtoto ili apate nafasi ya kugombea. Serikali yenyewe ilipitisha mkakati mwaka 2012 wa kuwatoa watoto kwenye vituo, ukafuata mpango wa Tubarere mu Muryango wa kuwarudisha kwenye familia, na watoto wenye ulemavu ndio waliobaki nyuma kwenye vituo hivyo, kwa sababu ndio wanaoambiwa kwamba familia haiwawezi.

Mama alimjibu mzee yule, "Kaka yangu, mtoto ana baba."

Nililifikiria sana swali lile, kwa sababu nilikuwa nimelisikia redioni kabla halijafika kwetu. Mwaka 2008, tarehe 18 Aprili, Sarah Palin, gavana wa Alaska, alijifungua mtoto wa kiume mwenye ugonjwa wa Down. Alijua tangu mimba, akaamua kumzaa, na baada ya siku chache akarudi ofisini. Agosti ya mwaka huohuo mgombea urais John McCain akamteua awe mgombea mwenza wake. Marekani nzima ikaanza kuuliza: mama wa mtoto wa miezi minne, tena mlemavu, anagombeaje umakamu wa rais? Waliouliza hawakuwa wapinzani wa haki za wanawake peke yao. Waliuliza hata wanawake wanaofanya kazi. Upande wa pili, kwa chama cha Obama, mgombea mwenza alikuwa Joe Biden. Huyu alifiwa na mkewe na binti yake mchanga kwa ajali ya gari mwezi Desemba 1972, wana wake wawili wakalazwa, na Januari 1973 aliapishwa kuwa seneta hospitalini walikokuwa wamelazwa. Akaendelea na useneta akiwa baba mlezi peke yake, akipanda treni kwenda na kurudi nyumbani. Habari hiyo ilisimuliwa miaka yote kama sifa yake, na ni sifa kweli. Mimi sina ugomvi na Biden. Ninachosema ni kwamba mbele ya taifa moja, katika uchaguzi mmoja, mzigo wa malezi ulihesabiwa heshima kwa baba na kosa kwa mama.

Na mwezi uliofuata, Septemba 2008, Palin akiwa bado anaulizwa, Wanyarwanda tulipiga kura na wanawake wakapata viti 45 kati ya 80 katika Baraza la Wabunge, la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Kimoja kati ya viti hivyo 80 ni cha mwakilishi wa watu wenye ulemavu. Ukisoma sheria zetu utaona nchi imekwisha kujibu. Ukikaa bombani na ndoo yako utasikia swali linaulizwa upya.

Lipo jambo jingine la Palin ambalo liligusa nyumba yetu moja kwa moja. Mtoto wake alipelekwa jukwaani kwenye mkutano mkuu wa chama, ndugu wakapokezana kumbeba mbele ya kamera. Wapo walioona fahari ya familia isiyomwonea haya mtoto wake. Wapo walioona mtoto ametumiwa kuombea kura. Mtoto mwenyewe hakuweza kuulizwa. Wiki ya uchaguzi wetu ndugu yetu wa Kigali alipiga simu kushauri: mpelekeni mtoto uwanjani kunakopigwa kura, mkae naye mbele, watu wataona huruma. Wifi aliomba simu, akamjibu mwenyewe, "Shemeji, ahsante kwa yote unayotufanyia, lakini sitamuuza mwanangu kwa kura." Akaongeza kwamba wala hatamficha. Akaona njia nzuri ni mtoto akae nyumbani kwenye kiti chake kipya, asikilize redio, watu wazima wapokezane kwenda uwanjani.

Kuficha nako tunakujua, na kutoficha pia. Jenerali de Gaulle wa Ufaransa na mkewe Yvonne walimlea binti yao Anne, mwenye ugonjwa wa Down, ndani ya nyumba yao tangu alipozaliwa mwaka 1928 hadi alipofariki 1948, wakati ambapo wenye mali wengi wa Ulaya walikuwa wakiwafungia watoto hao mbali. Ukoo wa Kennedy ulifanya kinyume: mwaka 1941 baba yao aliruhusu binti yake Rosemary apasuliwe ubongo, akaharibika kabisa, na kwa miaka mingi akawekwa mbali na macho ya watu huku kaka yake John akipanda kuelekea urais wa Marekani. Kwa hiyo hata wakubwa wa dunia wana vyumba vya nyuma.

Sasa rudi uwani kwetu. Mbuzi wamefukuzwa, kiti kimebaki nusu, na saa ya mkutano imekaribia. Mpango wote ulikuwa umeegemea kwenye kiti kile. Mama ana miaka inayozidi sabini na hawezi kumnyanyua mjukuu. Mtoto akilazwa chali kwa saa mbili mate yanamkaba. Jirani mwenye mbuzi alikuja mbio, ameshika kichwa kwa mikono miwili, anaomba radhi, anataka kulipa, na hakuna aliyejua kiti cha mifuko ya saruji na unga wa muhogo ni faranga ngapi. Mama alitaka mimi nibaki. Mimi nilikuwa tayari. Kaka akasema, "Hapana, dada yangu naye ana kura yake, atakayebaki ni mimi." Wifi akasema, "Kama mume wangu hayupo kwenye mstari wangu, watu watasema amenisusa." Ikawa kelele. Redio inaimba, mbuzi wanalia, pasi imeachwa juu ya gauni na harufu ya kuungua imeanza kusikika.

Aliyetunyamazisha ni mtoto, kwa kupiga ile sauti yake ndefu ambayo hutumia akitaka kuulizwa. Kaka akachuchumaa mbele yake. "Unataka twende wote?" Macho yakapanda juu. "Kuna watu wengi, kuna jua, kuna kelele." Macho juu tena. "Watu watakutazama." Safari hii aliyainua na kuyaacha hukohuko juu mpaka kaka akasimama.

Mama akatoa kitenge chake. Mtoto wa miaka tisa aliyekakamaa habebwi ovyo. Mama alimwinamisha kaka, akamkunja mtoto magoti kwanza ili misuli ilegee, akayatenganisha mapaja yakazunguka kiuno cha baba yake pande zote mbili, kisha akakaza kitenge chini ya makalio na juu kwapani, shingo ikapata pa kuegemea begani. Mama ana ujuzi huu wa siku nyingi. Ndiye aliyekuwa akimteremsha kwenye maji moto ya Amashyuza alipokuwa mdogo. Maji yale hayakumponya, ila yalimlegeza na kumfurahisha, na mimi naona hilo linatosha kuwa sababu. Wifi alivaa gauni jingine.

Njiani kaka alipigiwa vigelegele. Sisemi uongo: wanawake walisimama kando ya njia, wamevaa barakoa zao, wakasema, tazameni baba, huyu ndiye mwanamume. Miaka tisa wifi amepanda na kuteremka njia hiyohiyo na mtoto huyohuyo mgongoni, kwenda zahanati, kwenda kulipa bima ya afya ya mutuweli, kwenda kwa mtaalamu wa viungo, na kila alipopita aliambiwa pole. Kaka mwenyewe vigelegele vile vilimuudhi. Alitembea ameinamisha uso, hakumjibu mtu.

Uwanjani mambo huenda haraka. Majina hutajwa papo hapo, aliyetajwa hujieleza kwa maneno machache, kisha watu hupanga mstari nyuma ya wanayemtaka na wahesabuji hupita wakihesabu vichwa. Kwa nafasi ya ustawi wa jamii walitajwa wawili, wifi na mwanamume mmoja mtaratibu tu, hana ubaya na mtu. Huyu ana binti asiyesikia, ambaye anaishi kwa bibi yake mlima wa pili na hajawahi kupelekwa shule. Wifi alilijua hilo kwa kazi yake. Mwanamume akajieleza, watu wakapiga makofi. Akasimama wifi, na kabla hajafungua mdomo swali likatoka katikati ya watu: mtoto atabaki na nani?

Nilimtazama nikidhani atalisema la mwenzake. Hakulisema. Alijibu, "Mtoto atabaki na baba yake, mnamwona pale. Baba akiwa kazini yupo bibi yake, yupo shangazi yake. Nimekuja kuomba kazi kwa ajili ya wale wanaobaki peke yao, mlango umefungwa kwa nje. Mnawajua, na mimi nawajua." Akanyamaza. Watu wengi walitazama chini.

Mstari wake ulihesabiwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mhesabuji alimgusa kaka begani, akamgusa na mtoto, akasema wawili. Mtu wa mstari wa pili akapiga kelele kwamba huyo hajafika miaka 18. Wakarudia toka mwanzo. Hata bila kichwa cha mtoto, mstari wa wifi ulikuwa mrefu zaidi.

Kiti cha magurudumu kilifika wiki iliyofuata kikiwa kimepoteza sehemu ya kuwekea mguu mmoja, kaka akaitengeneza kwa mbao za karatasi zilezile, safari hii kwa rangi ya mafuta. Kinatufaa uwani na shuleni. Kwenye njia zetu za mlima hakipandi wala hakishuki, kwa hiyo kile cha karatasi kilijengwa upya na kitenge cha mama bado kina kazi. Wifi akiwa mkutanoni jioni, kaka ndiye anayeshika kijiko. Katika miezi yake ya kwanza wifi alipita kila nyumba kuandika watoto wenye ulemavu, akawapata ambao hawakuwa kwenye orodha yoyote, hata majirani wa ukuta mmoja hawakuwahi kuwaona. Binti asiyesikia alikuwa kati ya wa mwanzo kuandikwa, na aliyemleta ni baba yake.

Wewe unayesoma, ukiwa Butare yetu au Bugarama, Nyakabuye au hata ng'ambo ya mto Ruzizi, na una mtoto wa namna hii chumbani, mtoe aandikwe. Na siku ya kupanga mstari, mgombea akisimama mbele yako, mwanamke au mwanamume, muulize watoto wake wanalelewa na nani na wa jirani zake watalelewaje. Waulize wote, kwa sauti ileile.